Gadi wa NFL hawatafutwi kwa saa ya mbio

Ndugu Mhariri,

Kila Aprili ukurasa wenu wa michezo huandika juu ya drafti ya NFL, zile siku tatu ambazo timu 32 za mpira wa Marekani huchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Na kila Aprili habari hizo huishia raundi ya kwanza. Sababu tunazielewa. Raundi hiyo huanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa saa za Afrika Mashariki, gazeti lina muda wake wa kwenda mitamboni, na wanaoitwa mapema huwa kwotabeki (mrushaji wa pasi anayeongoza ushambulizi), wapokeaji wa pasi na wavamizi wa pembeni, watu ambao msomaji atawaona wakitajwa msimu mzima. Wanaosahaulika ni gadi, wazuiaji wa mstari wa mbele wanaomlinda kwotabeki, wa kushoto na wa kulia. Hao huchaguliwa zaidi raundi ya pili na kuendelea, na raundi ya nne hadi ya saba huanza Jumamosi saa moja jioni huku kwetu, watu wote wakiwa macho. Mkiwataja, mnataja uzito wao na muda wao wa mbio za yadi 40. Kwa gadi, muda huo haufai kitu, na uzito unasema kidogo sana. Tunaomba nafasi tueleze kazi ya kumtafuta gadi inavyokwenda.

Mstari wa mbele wa ushambulizi una watu watano. Katikati yupo senta, anayempa kwotabeki mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Ubavuni mwake wapo gadi wawili, na nje yao tekeli wawili. Tekeli ana nafasi: mvamizi wake huanzia mbali na lazima azunguke. Gadi hana nafasi na hana muda. Mbele yake amesimama mtu wa kilo 130 hadi 150, na kilichowatenganisha ni urefu wa mpira wenyewe, inchi 11 hivi. Hatua ya kwanza ikiwa mbaya, hakuna ya pili ya kusahihisha.

Madhara yake ni makubwa kuliko watazamaji wanavyodhani. Mvamizi akija kutoka pembeni, kwotabeki anaweza kupiga hatua mbele na kumwacha apite nyuma yake. Akija kutoka katikati, njia hiyo ya mbele ndiyo iliyozibwa. Super Bowl ya 56, fainali ya NFL ya Februari 2022, Rams walimwangusha Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, mara saba, na katika mchezo wa mwisho, yaani jaribio moja la kusogeza mpira, uliozima matumaini ya Bengals ni Aaron Donald, mvamizi wa ndani, aliyemfikia na kumfanya atupe mpira ovyo. Mwaka mmoja kabla, katika fainali hiyohiyo, Chiefs walipigwa 31–9 na Tampa Bay huku kwotabeki wao Patrick Mahomes akikimbizwa usiku kucha nyuma ya mstari uliounganishwa kwa watu wa akiba. Miezi michache baadaye Chiefs walimsajili gadi Joe Thuney kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 80, wakamchukua senta Creed Humphrey raundi ya pili, na raundi ya sita, chaguo la 226, wakamchukua gadi Trey Smith wa Tennessee. Wakiwa na watu hao watatu kikosini walitwaa Super Bowl mbili mfululizo, Februari 2023 na Februari 2024.

Kisha tazama kilichotokea Februari 2025. Chiefs walikuwa wamepungukiwa tekeli wa kushoto, wakamhamishia Thuney huko na kumweka mtu mwingine kwenye nafasi ya gadi. Eagles walimwangusha Mahomes mara sita na kushinda 40–22. Timu iliyojengwa upya kwa gadi ilivunjika baada ya kumwondoa gadi mahali pake.

Bei nayo imebadilika. Zamani ilisemwa kwamba gadi ni mtu wa bei ya chini anayepatikana popote. Leo hapatikani kwa bei hiyo sokoni. Machi 2024 Carolina, ambao msimu uliotangulia walimwona kwotabeki wao kijana Bryce Young akiangushwa mara 62, walimlipa Robert Hunt dola milioni 100 kwa miaka mitano na Damien Lewis dola milioni 53 kwa miaka minne, wote gadi. Mwaka 2025 Trey Smith, yule wa chaguo la 226, alisaini dola milioni 94 kwa miaka minne. Ukilinganisha, mchezaji wa raundi ya tatu hupata takriban dola milioni 6 kwa miaka minne yote. Anayempata gadi bora raundi hiyo anabaki na fedha za kununua wachezaji wengine wawili wa maana. Hapa ndipo drafti ya gadi ilipo na thamani, na ndiyo sababu timu hutuma watu kumtafuta hadi vyuo ambavyo havionyeshwi kwenye televisheni.

Mahali pa kwanza pa kutafuta si kwenye orodha ya gadi. Ni kwenye orodha ya tekeli. Makocha wa vyuo humweka mtu wao bora wa mstari kwenye nafasi ya tekeli wa kushoto, hata kama mwili wake si wa huko. Timu za NFL hutaka tekeli mwenye mikono ya inchi 33 au 34, kwa kuwa anapambana na mvamizi aliye mbali. Kijana mwenye miguu mizuri na mikono ya inchi 32 na kidogo hushuka kwenye orodha za tekeli, na hapo mwenye macho humchukua kama gadi. Zack Martin alicheza tekeli wa kushoto Notre Dame, mikono yake ikapimwa inchi 32 na 7/8, Dallas wakamchukua chaguo la 16 mwaka 2014 na kumfanya gadi wa kulia, mmoja wa bora wa zama zake. Joel Bitonio alikuwa tekeli pale Nevada, akaenda Cleveland chaguo la 35 mwaka huohuo. Thuney alimaliza NC State akiwa tekeli wa kushoto, Patriots wakampata chaguo la 78 mwaka 2016. Peter Skoronski, mikono inchi 32 na robo, alichukuliwa na Tennessee chaguo la 11 mwaka 2023 na kuingizwa ndani moja kwa moja.

Uhamisho huo hauendi wenyewe, na wengi huharibikia hapa. Kwanza, tekeli amezoea kurudi nyuma hatua mbili au tatu kabla ya kugusana na mtu. Gadi akifanya hivyo anampa mvamizi mwendo, na mtu wa kilo 140 akishapata mwendo atakusukuma hadi mapajani mwa kwotabeki wako. Gadi lazima aende kumpokea mtu mapema, kwa hatua fupi, mikono ikitangulia. Pili, upande. Aliyecheza kushoto kwa miaka minne amezoea mguu wa kushoto ukiwa nyuma na mkono wa kulia ukiwa wa ndani. Ukimhamishia kulia, kila kitu kinageuka: mguu wa kusukumia, mkono wa kwanza kupiga, bega la kulinda. Wapo wanaozoea kwa mwezi mmoja wa kambi na wapo ambao hawazoei kamwe. Kabla ya kumchagua mtu uliza alicheza pande zipi, mechi ngapi kila upande, na video za upande wa pili uzione kwa macho yako.

Kazi yenyewe ni ya video. Picha za televisheni hazisaidii kwa sababu kamera hufuata mpira. Panatakiwa picha za makocha, zile zinazoonyesha wachezaji wote 22, hasa zilizopigwa kutoka nyuma ya lango, maana ndizo zinazoonyesha nafasi kati ya gadi na senta, na miguu ya gadi inapotua. Mechi tano zinatosha kuanzia, mbili kati yake ziwe dhidi ya wavamizi wa ndani bora aliokutana nao, na moja iwe ya ugenini kwenye uwanja wenye kelele. Hiyo ya ugenini ina siri yake: kelele zikizidi, kwenye timu nyingi gadi ndiye hugeuza kichwa kumtazama kwotabeki, kisha humgusa senta ili atoe mpira. Ni lazima arudishe macho mbele na kuondoka kwa wakati uleule na mvamizi. Anayechelewa nusu hatua kila mara, utamwona huko.

Kisha tenganisha pasi za kweli na pasi za bandia. Vyuo vingi leo hurusha mpira haraka kwenda pembeni, au huacha kwotabeki aamue kati ya kukimbiza na kurusha baada ya mpira kutoka. Katika michezo hiyo gadi hamzuii mtu kwa pasi. Anamsukuma mbele kama vile mpira unakimbizwa. Kanuni ya vyuo inamruhusu kwenda hadi yadi tatu mbele ya mstari kabla ya pasi kurushwa. NFL inamruhusu yadi moja tu. Kijana anayeonekana mtawala kwenye michezo hiyo anaweza kuwa hajawahi kumzuia mtu kwa sekunde tatu akirudi nyuma. Kwa hiyo hesabu pasi ambazo kwotabeki alirudi nyuma kabisa, akashika mpira zaidi ya sekunde mbili na nusu, bila hila ya kukimbiza na bila msaada wa senta. Mechi nzima inaweza kukupa chache tu, na hizo chache ndizo mtihani wenyewe. Mchezaji mwenye sifa kubwa akikosa pasi za namna hiyo za kutosha, sifa hizo hazijathibitishwa.

Katika kila moja ya pasi hizo, anza na kiuno. Gadi mzuri hupiga magoti chini na kuacha mgongo wima. Mbaya huinama kiunoni na kutanguliza kichwa, na mvamizi mwerevu humvuta mkono na kumwacha aanguke kifudifudi. Halafu tazama anapopigwa kifuani. Kutia nanga ndilo jambo tunaloliweka juu ya yote. Wote husukumwa, hata walio bora. Cha kuangalia ni kama anarudi hatua moja au mbili, anashusha makalio, anapanga upya miguu na kusimama, au kama visigino vinanyanyuka na kuendelea kuteleza. Visigino vikinyanyuka chuoni dhidi ya mtu wa kilo 125, dhidi ya Chris Jones, mvamizi wa ndani wa Chiefs, havitagusa nyasi. Mara nyingi chanzo si unyonge wa nguvu. Ni vifundo vya miguu vilivyokaza: asiyeweza kukunja kifundo hawezi kushuka, akajikuta amesimama wima bila kujua.

Mikono ifike ndani ya kifua cha mpinzani, na ifike kwanza. Inayofika pembeni hushika jezi na mabega, na huko ndiko kwenye adhabu ya yadi 10. Kijana mwenye adhabu nyingi za kushika watu si lazima awe mkorofi. Chunguza kama mikono yake inachelewa, maana anayechelewa hushika ili asiaibike.

Jambo la tatu ni macho, na hili huwapoteza maskauti wengi kwa kuwa halipimwi. Wavamizi hupenda kupishana: wa ndani anachomoka nje na kumgonga tekeli, wa pembeni anazunguka nyuma yake na kuingia katikati. Gadi anatakiwa ampige wa kwanza vya kutosha, amkabidhi kwa tekeli, arudi mahali pake kumpokea wa pili. Anayemfuata wa kwanza hadi nje huacha uchochoro mpana mbele ya kwotabeki. Mtazame pia anapokosa mtu wa kumzuia. Aliyefundishwa vizuri hutafuta kazi, humpiga ubavuni mvamizi anayepambana na senta. Asiyefundishwa husimama akitazama.

Kwa mbio za mpira tutasema kwa ufupi. Angalia anavyosaidiana na senta kumsukuma mtu mmoja kisha mmoja wao kupanda kumfuata lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya wavamizi: akipanda mapema mno, mvamizi hupasua katikati yao, akichelewa, lainibeka ameshamkamata mwenye mpira. Angalia pia anapotoka mahali pake na kukimbilia upande wa pili kufungua njia, kama anaweza kugeuza kiuno bila kunyanyuka na kumgonga mtu anayesogea. Wengi wanafika, wachache wanamgonga.

Baada ya video ndipo mizani na saa zije, si kabla. Kwenye vipimo vya Kombaini mjini Indianapolis, yadi 40 za gadi hazina mechi ndani yake, kwani hakimbii yadi 40 uwanjani. Yadi 10 za mwanzo zina maana, na chini ya sekunde 1.80 kwa mtu wa kilo 140 ni mwendo mzuri. Mbio fupi za kwenda na kurudi za yadi 20 zina maana zaidi kwa timu zinazocheza mfumo wa kanda, ambapo mstari wote huelekea upande mmoja, kwa sababu zinaonyesha jinsi mtu anavyosimamisha uzito wake na kuugeuza. Kunyanyua chuma cha pauni 225, yaani kilo 102, mara nyingi kadiri awezavyo hupendeza kwenye televisheni, lakini mwenye mikono mifupi hunyanyua umbali mfupi, na hiyo mikono mifupi ndiyo itakayomtesa uwanjani. Tyler Booker wa Alabama alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.38 mwaka 2025, watu wakaguna. Dallas wakamchukua chaguo la 12 kwa sababu ya yale waliyoyaona kwenye video.

Mfumo wa timu nao huamua. Laken Tomlinson alichukuliwa na Detroit chaguo la 28 mwaka 2015, akaonekana hafai, akauzwa kwa San Francisco mwaka 2017 kwa chaguo la raundi ya tano, na huko kwenye mfumo wa kanda akafika Pro Bowl, shindano la nyota wa ligi. Austin Corbett alikuwa chaguo la 33 la Cleveland mwaka 2018, hakupata nafasi, akaanza Super Bowl ya 56 akiwa gadi wa kulia wa Rams. Gadi mwepesi wa kilo 137 anayeteleza vizuri upande kwa upande ukimpa kazi ya kusukuma watu moja kwa moja kila mchezo, utamwita dhaifu, na kosa litakuwa lako.

Kwa nini basi wanaoonekana hakika hukosea? Mwaka 2013 unafaa kusomwa polepole. Arizona walimchukua Jonathan Cooper chaguo la 7, Tennessee wakamchukua Chance Warmack wa Alabama chaguo la 10. Cooper alivunjika mguu kabla ya msimu wake wa kwanza kuanza na hakurudi alivyokuwa. Warmack alitoka kwenye mstari wa Alabama uliojaa vipaji, na jirani wazuri huficha mapengo ya mtu. Hakuna kati yao aliyewahi kwenda Pro Bowl. Kyle Long, aliyechukuliwa na Chicago chaguo la 20, alikwenda misimu yake mitatu ya kwanza. Larry Warford, chaguo la 65 la Detroit, alikwenda mara tatu baadaye akiwa New Orleans. Tunachoshauri ni hiki: unapomtazama mtu wa chuo kikubwa, tafuta michezo ambayo senta na tekeli wake walikuwa na shughuli zao na yeye akaachwa peke yake.

Madaktari ndio wenye neno la mwisho, na hapo ndipo bei hushuka. Trey Smith aliporomoka hadi raundi ya sita kwa sababu ya damu kuganda kwenye mapafu akiwa chuoni, si kwa sababu ya mchezo wake. Landon Dickerson alikuwa ameumia magoti na vifundo mara kadhaa, hadi kano ya goti kukatika Desemba 2020, na Eagles wakampata chaguo la 37. Timu yenye madaktari inaowaamini hununua hapa kwa bei ya chini.

Vyuo vidogo ni mgodi wa kale. Larry Allen alitoka Sonoma State, chaguo la 46 mwaka 1994, leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Jahri Evans alitoka Bloomsburg, chaguo la 108 mwaka 2006, na pamoja na Carl Nicks, chaguo la 164 mwaka 2008, walikuwa gadi wa New Orleans walipotwaa Super Bowl Februari 2010. Ali Marpet alitoka Hobart, Quinn Meinerz alitoka Wisconsin–Whitewater, vyote vya daraja la tatu. Kwa wachezaji hawa video pekee haitoshi kwa kuwa wapinzani wao ni wepesi. Cha kutafuta ni ubabe uliopitiliza: kama hamlazi chini mtu wa daraja la tatu karibu kila mchezo, usijisumbue. Halafu subiri Senior Bowl, mechi ya nyota wanaomaliza vyuo kule Mobile, Alabama, kwenye mazoezi ya mmoja kwa mmoja dhidi ya wavamizi wa vyuo vikubwa. Chuo cha Meinerz hakikucheza kabisa mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Wiki ile ya Mobile, Januari 2021, ndiyo iliyomfikisha chaguo la 98 la Denver. Kwenye mazoezi hayo mvamizi ana faida, kwa hiyo usihesabu kushindwa kwa siku ya kwanza. Angalia kama siku ya tatu anashindwa kwa namna ileile.

Je, gadi achukuliwe juu kabisa? Mara chache, ndiyo. Quenton Nelson wa Notre Dame, chaguo la 6 la Indianapolis mwaka 2018, aliwekwa kwenye kikosi bora cha ligi misimu yake mitatu ya kwanza. Colts waliruhusu kwotabeki wao kuangushwa mara 56 mwaka 2017, wakaruhusu mara 18 mwaka 2018. Haikuwa kazi ya Nelson peke yake: Andrew Luck alirudi uwanjani, na Braden Smith, aliyekuwa gadi Auburn, aligeuzwa tekeli wa kulia kwa mafanikio. Lakini Nelson alikuwa na kila tulichokitaja hapo juu, bila pengo la kufichwa. Mwenye pengo moja, hata dogo, tungemngoja raundi ya pili.

Ombi letu kwenu ni jepesi, Mhariri. Aprili ijayo, Jumapili na Jumatatu baada ya drafti, chapisheni gadi wote waliochaguliwa kwa mstari mmoja kila mtu: chuo, nafasi aliyocheza huko na upande wake, urefu wa mikono, yadi 10 zake, timu iliyomchukua na mfumo inaocheza. Wahariri wenu wakikwama kwenye mifumo ya timu, tuko tayari kuwasaidia kuijaza bila malipo, na yadi 40 mnaweza kuziacha.

Wasomaji wenu,
Mombasa